Kichwa Nje, Miguu Ndani

Beulah, Kansas
6 Oktoba 1878

Kwa dada yangu Permelia, na kwa Mama, ambaye najua amekaa karibu nawe anasikiliza ukisoma,

Mimi ni mzima. Nawasalimu wote hapo nyumbani, na shemeji Ambrose, na kanisa zima la njia panda, hata yule mzee wa benchi la mbele anayesinzia kabla mahubiri hayajaanza. Kikohozi cha Mama kimepungua? Macho najua hayarudi tena, ila kikohozi kina dawa. Mpashie siki moto, uchanganye na asali ya mtama, anywe hata kama anakunja uso.

Mlitaka niwaeleze nchi hii. Nchi ni nyasi. Mti hakuna. Mtu akitoka kwake kuja kukusalimu unamwona tangu akiwa nukta, na unapata muda wa kufagia, kupika, na kujiuliza kwa nini hakubaki kwake. Mwezi uliopita walifika wageni kutoka kwetu Kentucky, familia tatu na magari yao ya kukokotwa. Wakasimama katikati ya mji wakaniuliza mji uko wapi. Nikawaambia mnaukanyaga. Gurudumu la gari moja lilikuwa juu ya dari ya Shemasi Pleasant Bledsoe, na yeye alikuwa chini anakula. Akatoka na udongo kwenye ndevu, akawaambia kwao walikotoka hodi hupigwa mlangoni. Wanawake walipoelewa kwamba nyumba ndizo hizo moshi unakotokea ardhini, wawili walikaa chini wakalia.

Ndivyo tunavyoishi. Mbao hakuna, na ya kununua mjini si saizi yetu. Kila mtu anachimba ubavu wa kilima, anaingia ndani, anaezeka kwa matawi ya mierebi, vichaka vya kando ya mto, na udongo juu yake. Wanasema ni joto wakati wa baridi. Nyumba yangu nimeichimba mwenyewe na kuta nimezipaka chokaa, kwa kuwa chokaa huku ni ya kuokota. Mlango bado sijautia.

Ardhi ni nzuri. Serikali inatuhesabia sisi tuliovaa sare miaka tuliyopigana kama miaka ya kukaa hapa, kwa hiyo sina muda mrefu kabla shamba halijawa langu kwa karatasi. Mahindi hayakuwa mengi. Waosage, wenyeji wa asili wa nchi hii, walipita kutoka kuwinda wakatugawia nyama, na hatukuelewana hata neno moja, lakini kwa nyama tulielewana.

Ndugu yenu,
Elkanah


Karibu na Georgetown, Kentucky
10 Novemba 1878

Mdogo wangu Elkanah,

Barua yako tumeisoma mara tatu, ya tatu kwa ajili ya majirani. Mama alicheka habari ya Shemasi mpaka kikohozi kikamshika. Siki anakunywa na uso anakunja. Ambrose hajambo. Mgongo unamsumbua lakini tumbaku haijui mgongo wa mtu, inataka kukatwa.

Sasa jambo lenyewe. Mwenye shamba ametuambia mwaka ukiisha anataka kibanda chake. Sisi wawili atatuweka upande wa ghala la tumbaku, kwa sababu bado anahitaji mikono ya Ambrose. Mama hana nafasi. Alisema hivyo mbele ya Mama mwenyewe, kana kwamba mtu asiyeona pia hasikii.

Siku ya pili Mama aliniita akaniambia niandike hivi, nami naandika alivyosema: "Mwambie mwanangu Kana nakuja. Nimezaliwa kwenye ardhi ya mtu, nimezalia kwenye ardhi ya mtu, nimelima ya mtu mpaka macho yakaisha. Kuzikwa sitazikwa humo. Mwambie sitaki sakafu ya mbao wala kiti cha bembea. Nataka mlango wa mwanangu, nikiingia niufunge mwenyewe." Kuna kundi la kanisa linaondoka mwezi wa tatu kwa gari moshi, na mke wa mchungaji amekubali kumshika mkono.

Halafu anauliza tena ndugu yetu Silas amezikwa wapi huko Virginia. Anasema anataka shambani kwako awekewe ubao wenye jina lake, karibu na alipo yeye. Kila barua anauliza, na kila barua wewe unaruka.

Karatasi hii ya pili simsomei Mama.

Viney Hocker amerudi kutoka huko kwenu. Anasema nchi imemshinda. Sokoni alinivuta pembeni akaniambia, mdogo wako ana nyumba safi kuliko zote kule, lakini yeye halali ndani. Anasema unalala mlangoni kwako, kichwa nje, miguu ndani, mvua inyeshe isinyeshe, na watoto wamekutungia wimbo. Nilimwambia aache umbea. Lakini Viney ni mmbea, si mwongo. Niambie Elkanah, mama yetu anakuja kwa nani?

Dada yako,
Permelia


Beulah
15 Desemba 1878

Dada na Mama,

Namshukuru Mungu mko salama. Hapa theluji ya kwanza imeanguka, kidogo, ya kutusalimia tu. Nawatakia Krismasi njema. Nitakula mkate wa mahindi na sungura, na Shemasi ameahidi kuja na fidla yake, ambayo ina nyuzi mbili.

Mama, nimesikia ulivyosema. Karibu. Nakuomba tu usubiri mpaka mwezi wa tano. Mwezi wa tatu huku bado si majira ya kuchipua, ni baridi iliyojificha. Na huku kwetu kuna plau moja tu ya kupasua nyasi, na farasi watatu wa kuivuta kwa watu wote hawa, kwa hiyo tunakwenda kwa zamu. Zamu yangu ni mwezi wa tano. Ardhi ikishalainika nitakata mabonge ya nyasi na mizizi yake, niyapange kama matofali, nikujengee nyumba iliyosimama juu ya ardhi kama nyumba za watu, yenye dirisha. Hilo ndilo ninaloomba, miezi miwili tu.

Mlango wa nyumba hii ya sasa nautengeneza kwa mbao za gari bovu. Tumegombana na Shemasi. Yeye anasema huku milango yote hufunguka kwa ndani, na ndiyo kawaida, nani hajui. Mimi nimeamua wangu ufunguke kwa nje. Amesema mimi ni mkaidi kama nyumbu wa jeshi. Nikamwambia nyumbu wa jeshi nawajua, na wengi wao walikuwa na akili kuliko mashemasi.

Permelia, kwa ile karatasi ya pili. Viney alikuwa anaongea hivyo tangu utoto. Mimi napenda hewa, basi. Ni mambo ya mtu aliyelala mahemani miaka mingi.

Elkanah


Georgetown
19 Januari 1879

Elkanah,

Mama amekuwa mgonjwa tangu mwaka mpya. Tulipohamia ghalani alilala kwenye majani ya tumbaku yaliyokauka, na vumbi lake limemwingia kifuani. Sasa ana nafuu, anakaa, anadai uji. Ambrose amemtengea kona kwa magunia. Mwenye shamba anajifanya haoni, lakini ametuambia mara mbili kwamba ghala si hospitali.

Kusubiri mwezi wa tano haiwezekani. Nimemweleza habari ya plau na zamu, akasema, "Mimi pia nina zamu yangu, na siijui ni mwezi gani." Kundi halitamngoja. Akikosa hili, nani atamshika mkono njia yote hiyo? Mimi siwezi kumwacha Ambrose, nikiondoka watamtoa na yeye, na mkataba una mavuno mbele yake.

Sasa wewe nisikilize, maana naandika peke yangu na hakuna wa kunisikiza. Unaniambia unapenda hewa. Elkanah, mimi ndiye niliyekulea. Uliporudi kutoka Texas, walikowapeleka baada ya vita, na sare yako, uliishi nasi mwaka mzima na hukuingia stoo ya chini hata mara moja, viazi nilikuwa nachukua mimi. Kanisani ulikaa benchi la mlangoni. Nilidhani ni majivuno ya askari. Ulipotuaga kwenda huko magharibi ulisema umesikia ni nchi ambayo mtu hana kitu juu ya kichwa chake ila mbingu, na nilifikiri unasema maneno ya kanisani tu. Sasa nafikiri kila siku.

Mlango ufunguke nje au ndani, hilo ni lenu wewe na Shemasi. Mimi nataka kujua kama utaufunga. Mama ana kifua. Baridi ya huko Viney ameniambia. Mama akilala humo, mlango ufungwe, na asiachwe mle gizani peke yake. Ukiniambia huwezi, nitamzuia hata kwa kumficha viatu. Ukinyamaza, nitajua umesema unaweza. Usiruke swali hili kama unavyoruka la Silas.

Permelia


Beulah
11 Februari 1879

Dada,

Hii yote ni yako, hakuna ya Mama humu. Sijui itakufikia lini. Stesheni ni mwendo wa siku mbili kwa miguu na njia imefungwa, barua zinakaa kwa Shemasi mpaka mtu apate moyo wa kwenda.

Siwezi. Nimesema, sasa unajua. Mfiche viatu.

Nitakueleza kwa nini, kisha usiniulize tena. Mnajua mimi na Silas tulitoroka pamoja kwenda kujiandikisha jeshini kwenye kambi ya Nelson, na Mama alitufungia mkate kwenye kitambaa akajifanya amelala. Kule Virginia tulikuwa mbele ya mji mmoja muda mrefu, na vita vile vilikuwa vya kuchimba. Sisi weusi tulichimba zaidi ya wote. Tulichimba mahandaki, na ndani yake vyumba vya kujikinga, tukaviezeka kwa magogo na udongo. Tulikuwa humo, mimi na Silas, yeye anashona kifungo. Kombora likaanguka juu. Dari ikashuka yote.

Niliandika kwamba alipigwa risasi akafa palepale, na kwamba kasisi alimwombea. Hakupigwa risasi. Tulikuwa tumefunikwa, mimi mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye mkono wake, na alikuwa anaongea. Aliongea muda mrefu. Alisema tutachimbuliwa, tusipoteze pumzi. Baadaye alizungumzia nyumbani, kama Mama alishawahi kutambua ni nani alivunja chungu chake. Halafu alikuwa anasema kitu akaacha katikati. Nilimwita. Mkono wake ulikuwa mle mle mkononi mwangu. Waliponifikia walinivuta kwa miguu, makombora yakaanza tena, tukakimbizwa nyuma, na pale tulipokuwa pakawa pa adui. Silas yuko pale. Hana kaburi, ana dari.

Nilikuja huku kwa ajili ya mbingu, ulisikia vizuri. Nikafika nikakuta watu wanaishi ardhini kama fuko. Nilicheka siku ile mpaka Shemasi akaogopa. Kuchimba naweza, nachimbia na wengine, mradi juu kuwe wazi. Dari ikishawekwa, mimi nikiingia nasikia anaongea, kisha nasikia anaacha. Siwezi kukaa pale anapoacha. Ndiyo maana kichwa nje, miguu ndani. Masikio yangu yameganda, la kushoto limepungua kipande. Watoto wanaimba, na wana haki, wimbo wenyewe ni mzuri.

Mlango nimeutia. Unafunguka kwa nje, kwa sababu mtu anayekimbia husukuma, havuti. Nimejaribu kuufunga nikiwa ndani. Nimehesabu mpaka pumzi ya nne.

Usimlete Mama kwangu. Mweke hapo, ngoja plau. Nakusihi kwa magoti.

Elkanah


Georgetown
24 Machi 1879

Mdogo wangu,

Barua yako ya mwezi wa pili imefika leo. Mama ameondoka siku nne zilizopita.

Ulinyamaza, nami nilikwambia ukinyamaza nitajua umesema unaweza. Nilimfunga kitambaa kichwani mwenyewe. Alikuwa amevaa koti la Ambrose juu ya yote, na mfukoni ana mbegu za boga. Alikuwa anatania kila mtu pale stesheni. Alimwambia mke wa mchungaji, "Nishike vizuri, nikipotea utamlipa Kana mama mwingine."

Nimeketi hapa na karatasi yako. Nimelia kwa ajili ya Silas kana kwamba amekufa jana, na sina hata wa kumwambia, Ambrose yuko shambani anapanda vitalu. Sikulaumu. Nakulaumu pia. Ungeniambia zamani ningekuchukulia viazi maisha yako yote.

Barua hii haitamtangulia. Ninaiandika tu kwa sababu mikono haitulii. Elkanah, mama yetu atakuwa amefika. Kitu pekee anachohofu tangu macho yalipoisha ni kuachwa mahali asipopajua. Hataki mengine. Kaa naye.

Permelia


Georgetown
4 Mei 1879

Elkanah,

Natumaini uko hai. Sina salamu nyingine.

Mke wa mchungaji ameandika kutoka Kansas kwamba walifika salama, walimkabidhi Mama kwako mkononi, wao wakaendelea mbele. Baada ya hapo sijapata hata mstari. Magazeti yanasema huko mlipata dhoruba ya theluji katikati ya mwezi wa nne, siku tatu, ng'ombe wamekufa wamesimama. Viney amekuja kukaa nami na hasemi kitu. Viney hasemi kitu, sasa unaelewa hali yangu.

Ambrose anasema barua zimechelewa tu. Anasema hivyo kila jioni, na kila jioni anakwenda mwenyewe posta.

Kama ni habari mbaya, iandike. Sitaki uipunguze kama ulivyompunguzia Mama habari ya Silas. Niambie jambo moja tu, mengine yangoje: alikuwa peke yake?

Permelia


Beulah
25 Mei 1879

Dada yangu Permelia,

Mimi ni mzima. Shemasi na mkewe wanawasalimu. Mahindi tumepanda.

Mama amefariki. Nimejaribu kuandika hii tangu mwezi wa nne na kila nikifika kwenye neno hilo naweka kalamu. Sasa limeandikwa, naweza kuendelea.

Alifika mzima. Shemasi alimbeba kutoka kwenye gari, akamwambia Shemasi ana ndevu kama mbuzi wa zamani wa mwenye shamba, na kuanzia hapo wakawa marafiki. Ndani alipapasa ukuta wote mpaka akaurudia mlango. Akauliza chokaa ni ya rangi gani, nikasema nyeupe. Akafunga mlango akaufungua, akaufunga akaufungua, akicheka. Mimi nilikuwa nje. Alijua. Aliniambia, "Kana, mbona sauti yako siku zote iko nje?" Nikasema nakata kuni. Akasema, "Nchi haina mti, unakata kuni gani?"

Siku nyingi za kwanza zilikuwa na jua. Mchana alikaa mlangoni na mimi. Usiku nilimfungia mlango nikalala nje yake, mgongo kwenye mbao, na tuliongea hivyo, yeye ndani mimi nje, mpaka alale. Alipanda mbegu zake za boga, nilimshika mkono tu. Aliuliza shamba linaishia wapi, tukalizunguka lote, tukipumzika kila hatua chache. Alikuwa na furaha, Permelia. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine.

Theluji ilikuja asubuhi, ghafla, jua likiwa bado linawaka. Shemasi alipita mbio anafuata farasi, akapiga kelele, ingia ndani mtu wewe. Upepo ulikuwa haukuachi uone mkono wako. Mama aliniita jina langu lote, kama alivyokuwa akiniita nimekosa. Nikaingia nikafunga mlango.

Nilihesabu pumzi. Yeye alisikia. Akaniambia nije nikae miguuni pake na nimpe mkono, nikampa. Jiko lilikuwa linawaka. Tulikaa hivyo siku ile. Kisha moshi ukaanza kurudi ndani, kwa kuwa bomba la moshi lilikuwa limezibwa juu, na nikaenda mlangoni nitoke nikalizibue. Mlango haukwenda. Theluji ilikuwa imejaa nje yake mpaka juu, na mlango wangu hufunguka kwa nje. Milango ya wenzangu wote waliivuta ndani, wakachimba, wakatoka, wakazibua mabomba yao. Mimi nilisukuma kwa bega mpaka bega likatoka damu. Nimekuandikia hili kama lilivyo. Shemasi aliniambia, na wewe ulisoma aliponiambia.

Ilibidi nizime moto, la sivyo moshi ungetuua wote wawili. Kukawa giza na baridi.

Nilichukua jembe nikaanza kugusa dari. Ni matawi na udongo, ningeivunja nikatoka. Mama akasikia udongo ukidondoka. Hakupaza sauti. Alisema, "Kana, ukivunja hiyo inaniangukia mimi. Weka jembe chini. Njoo uniambie Silas alikufaje, maana kwa risasi hakufa."

Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Mtu akipigwa risasi mamaye huambiwa imempiga wapi. Wewe hukusema, na mimi nimekungoja miaka yote hii."

Nilimwambia yote, gizani, hata habari ya kifungo na chungu. Akasema chungu alijua ni Silas, kwa sababu mimi nisingeweza kukivunja nikatulia vile. Halafu akasema maneno haya, na nimeyasema moyoni kila siku yasipotee: "Nilikuwa namwona amelala uwanjani peke yake, ndege wanamzunguka. Kila siku nilimwona hivyo. Kumbe ulikuwa umemshika mkono." Akalia, lakini si kilio cha uchungu peke yake. Akaniambia, "Ungenipa hilo zamani, ningelala."

Kifua kilimshika siku ya pili. Nilimfunika na kila kitu, nikalala mgongoni pake nimpe joto langu. Aliongea sana. Aliongea ili mimi nisikie mtu anaongea, nilijua hivyo na yeye alijua kwamba najua. Alisimulia ulivyozaliwa wewe, Permelia, kwenye mvua, ulivyotoka umekunja ngumi. Alikuwa katikati ya hadithi hiyo. Alifika pale mkunga anapouliza jina, akaacha.

Nilimwita. Mkono wake ulikuwa mle mle mkononi mwangu.

Jembe lilikuwa karibu. Hapakuwa tena na wa kuangukiwa na dari akaumia, na kila kitu ndani yangu kilitaka kutoka. Sikuligusa. Udongo usingemwangukia mama yangu kabla hajazikwa kama watu. Nilikaa. Nilimaliza mimi ile hadithi, mpaka kwenye jina lako. Nilipoimaliza nikaanza ya Silas, kisha yangu. Shemasi na wenzake walipofika kwenye mlango, alisema walisikia mtu anaongea wakadhani tuko hai wawili.

Kaburi nilichimba mwenyewe. Halina dari mpaka mwisho, kwa hiyo niliweza. Ni juu ya kilima, unaona shamba lote. Ubao wa Silas uko kando yake, na jina nimelichonga mimi. Shemasi aliomba, hakutania hata kidogo. Zamu yangu ya plau ilifika siku kumi na moja baada ya kumzika. Mabonge ya kwanza niliyoyakata nilimwekea Mama juu, nyasi zake zikiangalia mbingu. Mengine yapo, sijajenga kitu.

Mlango nimeung'oa nikaugeuza. Unafunguka kwa ndani sasa. Tangu wiki iliyopita nalala humo. Usingizi siupati, lakini nalala humo, nimeufunga. Maboga yake yameota karibu na kizingiti, na kila asubuhi inabidi niyaruke ili nitoke.

Mwambie Ambrose asiende tena posta jioni. Mwambie Viney nimesema hakudanganya.

Na lile jambo moja ulilotaka nikuambie. Hapana, dada. Hakuwa peke yake.

Mdogo wako,
Elkanah